Shahini Asiye Shahini: Tathmini ya Ziara ya Siku Moja Al Ain na Buraimi

Ziara hii huuzwa mjini Al Ain kwa jina la Shahini, yaani yule kozi, ndege wa kuwindia, anayejulikana kwa kasi yake ya kushuka kutoka angani, na karatasi yake ya matangazo inaahidi mambo mawili kwa siku moja. La kwanza ni kumwonyesha mgeni namna kozi anavyofugwa na kufundishwa kuwinda, na la pili ni kumweleza historia ya oasisi ya Buraimi, ambayo leo imekatwa na mpaka wa Falme za Kiarabu na Omani. Kampuni inayoiuza sitaitaja, kwa sababu ziara zinazofanana na hii ni nyingi, na kwa sababu kasoro nitakazozieleza zinaweza kuondolewa na mwongozaji yeyote aliye tayari kusoma. Bei ni dirhamu 480 kwa mtu mmoja, ambazo ni kama dola 130 za Marekani, pamoja na usafiri na chakula cha mchana. Kwa maoni yangu, saa za asubuhi zinastahili fedha hizo zote, ilhali mchana wake ni bidhaa iliyofungwa kwenye karatasi nzuri bila kitu cha maana ndani.

Kundi letu halikuzidi watu wanane, na hilo ni jambo la kushukuru, kwa kuwa kozi hapendi kelele wala kuzongwa. Tulipelekwa kwenye uwanda wa mchanga nje ya mji kabla jua halijawa kali, na huko tulimkuta mfuga kozi, mzee wa makamo mwenye maneno machache, ameketi kando ya kigingi kifupi kinachoitwa wakri, ambacho ndicho kiti cha ndege. Mwongozaji wetu alianza kwa kumtambulisha ndege huyo kuwa ni shahini, kama karatasi ilivyosema. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasahihisha kwa upole kwamba huyu si shahini bali ni hurr aliyechanganywa damu na jir, kozi mkubwa wa nchi za baridi za kaskazini. Mwongozaji alicheka, akatafsiri, na baada ya dakika tano akarudi kumwita shahini.

Mtu anaweza kudhani kwamba huo ni ubishi wa wataalamu, lakini kwa watu wa fani hii tofauti ni kubwa, na mgeni anaweza kuiona kwa macho yake mwenyewe. Shahini ana mgongo wa rangi ya kijivu cha mawe, kichwa cheusi, na mistari miwili minene myeusi inayoteremka mashavuni kama masharubu. Hurr ni wa rangi ya kahawia, kichwa chake ni cheupe au cha rangi ya mchanga, na masharubu yake ni membamba hata wakati mwingine hayaonekani. Shahini hupanda juu sana, akakunja mabawa na kumshukia ndege mwenzake angani kwa kasi inayopita kilomita 300 kwa saa. Hurr naye huwinda karibu na ardhi, huvumilia joto na vumbi kuliko mwenzake, na humfuatilia windo kwa ukaidi, na kwa sababu hiyo ndiye aliyependwa zaidi na Mabedui waliotegemea nyama ya hubara, ndege mkubwa wa jangwani, na ya sungura katika miezi ya baridi. Wapo pia wakri, jina linalofanana na la kile kigingi, ambaye ni kozi mdogo kiasi aliyewafaa wasio na uwezo mkubwa, na huyo jir ambaye leo hupandishwa na hurr katika mabanda ya uzalishaji. Ndege tuliyemwona alikuwa jike, kwani katika jamii ya kozi majike ni wakubwa kuliko madume kwa karibu theluthi moja, na wawindaji huwapendelea wao.

Kazi yenyewe ilionyeshwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Mzee alimpima ndege kwenye mizani kabla ya kitu kingine chochote, akaeleza kwamba kozi aliyeshiba haoni sababu ya kurudi kwa mwenye kumfuga, na kozi aliyedhoofika hana nguvu ya kuruka, hivyo ustadi wote umo katika gramu chache zilizo kati ya hali hizo mbili. Alitufundisha kofia ya ngozi inayofunika macho, inayoitwa burqu, ambayo humtuliza ndege kwa kumwondolea vya kumtisha; kamba fupi za miguuni zinazoitwa subuq; na mangala, ile ala ya kitambaa kizito ambayo mfugaji huivaa mkononi ili kucha zisimjeruhi. Kisha alimfungua macho, akarudi nyuma hatua nyingi, akaanza kuzungusha talwah, kitita cha manyoya kilichofungwa kwenye kamba kinachoigiza ndege anayekimbia. Kozi alipita chini sana, akakosa mara ya kwanza, akageuka kwa upana na kukipiga mara ya pili, akatua nacho mchangani huku amekifunika kwa mabawa. Mzee hakumnyang'anya. Alimkaribia taratibu, akabadilishana naye kitita kwa kipande cha nyama ya kware, ili asijifunze kwamba binadamu ni mwizi wa windo lake.

Nililipenda hasa jambo moja ambalo kampuni nyingine hazilizingatii: hakuna aliyeruhusiwa kupiga picha akiwa amembeba ndege aliyefunguliwa macho, na mgeni mmoja aliyesisitiza alikataliwa waziwazi. Katika biashara ambayo picha ndiyo hulipa, kukataa huko kunaonyesha kwamba mzee anamjali ndege wake.

Maelezo ya historia ya ufugaji wenyewe yalikuwa sahihi pia, ingawa mwongozaji aliyasoma kwa haraka. Kozi wa zamani hawakuzaliwa mikononi mwa watu. Walinaswa majira ya vuli, walipokuwa wakipita kutoka nyika za Asia ya Kati kuelekea kusini, kwa kutumia njiwa aliyefungwa nyuzi za mtego mgongoni. Walifundishwa kwa wiki chache, wakawinda msimu wa baridi, na joto lilipokaribia waliachiliwa, kwa sababu kumlisha kozi wakati wa kiangazi lilikuwa jambo gumu kwa watu ambao wao wenyewe walihama kufuata maji. Leo hurr wa porini yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani, na ndege wanaorushwa kwa wageni karibu wote ni wa kuzalishwa. Abu Dhabi iliandaa mkutano wa kwanza wa kimataifa wa fani hii mwaka 1976, mpango wa kuwaachilia kozi kurudi porini ukaanza mwaka 1995, na mwaka 2010 uwindaji kwa kozi uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika kwa ombi la pamoja la nchi kadhaa. Kilichowashangaza wenzangu zaidi ni pasi ya kusafiria ya kozi. Tangu 2002 Falme za Kiarabu hutoa pasi kwa kila kozi halali, yenye namba inayolingana na ya pete ya mguuni, inayodumu miaka 3 na kutambuliwa na nchi zilizo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mzee alitoa ya ndege wake kutoka mfukoni kama afisa wa uhamiaji.

Nilimuuliza, kwa kuwa pasi anayo, kama ndege huyo angefuatana nasi mchana kuvuka kwenda Buraimi. Alisema hapana, kwani usumbufu wa forodha ni mwingi kwa safari ya saa chache. Jibu hilo lilitosha kuwa mlango wa kuingilia sehemu ya pili ya ziara, kwa maana lililounganisha kozi na mpaka huu ni kwamba wawindaji wa zamani hawakuwa na mpaka wa kuuvuka. Mwongozaji aliupita mlango huo bila kuuona, akatutangazia chakula, ambacho kilikuwa wali na kuku wa kawaida.

Baada ya chakula tulipelekwa kwenye ngome ya Al Jahili, iliyojengwa katika miaka ya 1890 na Zayed bin Khalifa, mtawala wa Abu Dhabi anayejulikana kama Zayed Mkuu. Ndani yake mna maonyesho ya kudumu ya Wilfred Thesiger, Mwingereza aliyevuka jangwa la Rub al Khali mara mbili kati ya 1946 na 1948 akiwa na wenzake Mabedui waliomwita Mubarak bin London. Thesiger alifika hapa, akapokewa katika kijiji cha Muwaiji na Sheikh Zayed bin Sultan, mjukuu wa mjenzi wa ngome, ambaye wakati huo alikuwa mwakilishi wa kaka yake, mtawala wa Abu Dhabi, katika oasisi na ambaye baadaye angekuwa Rais wa kwanza wa Falme za Kiarabu. Walitoka pamoja kuwinda kwa kozi. Picha zake zilizomo ukutani ni za thamani kubwa, na ningeshauri mgeni azitazame polepole, maana ndizo mahali pekee katika ziara nzima ambapo kozi na nchi vinaonekana pamoja: wanaume wachache, ngamia, ndege mkononi, na mchanga usio na alama yoyote ya mwisho wa nchi ya fulani na mwanzo wa nchi ya fulani. Tulipewa dakika ishirini.

Kuvuka mpaka kulichukua muda mrefu kuliko kila kitu kilichofuata. Wageni wasio raia wa nchi za Ghuba hupita kituo cha Khatm Al Shiklah, nje ya mji, ambako hugongewa mhuri wa kutoka upande mmoja na wa kuingia upande wa pili. Wakazi wenye umri wanakumbuka hali nyingine kabisa. Al Ain na Buraimi ni miji iliyogusana kiasi kwamba barabara moja huanza katika mmoja na kuishia katika mwingine, na hadi 2006 watu walipita kati yake kwenda sokoni, shuleni au harusini bila kuonyesha karatasi yoyote. Uzio ulipojengwa na vituo vikahamishwa, jirani wa ukuta kwa ukuta akawa mtu wa ng'ambo. Mwaka huohuo wa 2006 serikali ya Omani ikaufanya Buraimi kuwa mkoa unaojitegemea. Hayo yote nimeyaeleza mimi. Ndani ya gari tulielezwa mahali pa kubadilishia dirhamu kwa riali.

Upande wa Omani tulisimama katika ngome ya Al Khandaq, ambayo jina lake msomaji wa Kiswahili halihitaji kufafanuliwa akishaliona handaki kavu lililoizunguka. Ngome ni nzuri, imekarabatiwa kwa uangalifu, minara yake ya pembeni ina nakshi, na kutoka juu ya ukuta mtu huona mitende ya nchi zote mbili bila kujua ipi ni ya nani. Hapo ndipo mwongozaji wetu alipotoa somo lake la historia, nalo lilikuwa fupi: kwamba oasisi hii tangu zamani ilikuwa ya familia mbili zilizoelewana, kwamba kulitokea kutoelewana kidogo na majirani kwa ajili ya mafuta, na kwamba viongozi wenye hekima wakachora mstari kwa amani. Mtu aliyelipa dirhamu 480 kwa historia ya mpaka anastahili zaidi ya hadithi ya kumlaza mtoto.

Oasisi hii ilikuwa na vijiji tisa vilivyonyweshwa na mifereji ya chini ya ardhi inayoitwa aflaj. Sita kati yake, vikiwemo Al Ain, Hili, Qattara na Muwaiji, vilikuja kuwa vya Abu Dhabi, na vitatu, yaani Buraimi, Hamasa na Sa'ara, vikawa vya Omani. Lakini kabla ya hapo, aliyeishika oasisi hii alishika njia panda ya misafara inayotoka ndani ya Arabuni kuelekea pwani ya Batina na Sohar, na ndiyo sababu kila mwenye nguvu aliitaka. Majeshi ya dola ya kwanza ya Saudia yalifika hapa yapata mwaka 1800 na kuweka kikosi. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 waliondoka na kurudi, na msomaji wa pwani yetu atapendezwa kujua kwamba Seyyid Said bin Sultan, katika miaka ileile alipokuwa akihamishia makao yake Unguja na kuimarisha biashara ya karafuu, nyuma yake Omani ilikuwa ikisumbuliwa na watu wa kikosi hicho cha Buraimi, na mara kadhaa alilazimika kuwalipa ili Maskati isishambuliwe. Waliondolewa mwaka 1869 na Imamu Azzan bin Qais. Baada yake uzito wa Abu Dhabi katika oasisi ukaongezeka, na ngome ya Al Jahili, ile tuliyoitazama kwa dakika ishirini, ni alama ya ongezeko hilo.

Hapakuwa na mstari ardhini, na si kwa uzembe wa mtu. Katika nchi ambayo mvua hunyesha leo hapa na mwaka kesho kwingine, kumiliki mchanga hakukuwa na maana. Kilichomilikiwa kilikuwa visima, mitende na utiifu wa watu. Mamlaka ya mtawala yalifika pale zilipofika kabila zinazomlipa zaka na kumfuata vitani, na kabila likihamisha utiifu, mamlaka yakahama nalo. Msafara wa uwindaji ulikuwa sehemu ya mambo hayo, kwa kuwa sheikh aliyetoka na kozi zake kwa wiki kadhaa alilala kwenye mahema ya watu, akasikiliza mashauri yao, akatoa zawadi, akajua nani bado ni wake. Nilitarajia ziara yenye jina la kozi iseme hivyo. Haikusema.

Mafuta ndiyo yaliyoleta haja ya mistari. Uingereza, iliyosimamia mambo ya nje ya emirati za pwani, na Saudia zilipendekezeana mipaka mwaka 1935 bila kuafikiana. Mwaka 1949, baada ya watafiti wa kampuni ya mafuta ya Aramco kuingia katika eneo hilo, Saudia ilitoa dai kubwa zaidi lililoijumuisha Buraimi. Tarehe 31 Agosti 1952 afisa wa Kisaudia, Turki bin Abdullah bin Utaishan, aliingia Hamasa na watu wenye silaha, akapokewa na sheikh wa hapo, Rashid bin Hamad wa kabila la Al Bu Shamis, na kuanza kugawa chakula, nguo na fedha. Sultani Said bin Taimur wa Maskati alikusanya wapiganaji wa makabila huko Sohar ili amfukuze, tena kwa kuungwa mkono na Imamu aliyeongoza bara ya Omani, ambaye kwa kawaida hakuwa na maelewano makubwa naye, lakini Waingereza wakamzuia kwa kutaka suala liende kwenye mazungumzo. Mwaka 1954 pande husika zilikubaliana kupeleka shauri kwenye baraza la usuluhishi, na kila upande ukaruhusiwa kuweka polisi 15 tu katika oasisi. Baraza lilipokutana Geneva mnamo Septemba 1955, Waingereza waliishutumu Saudia kwa kuhonga watu wa oasisi, mjumbe wao Sir Reader Bullard akajiuzulu, na shauri likafa. Tarehe 26 Oktoba 1955 askari wa Trucial Oman Levies, kikosi cha wenyeji chini ya maafisa wa Kiingereza, waliingia Buraimi na Hamasa kwa nguvu, na polisi wa Saudia wakaondolewa.

Hoja zilizoandikwa kwa ajili ya baraza hilo zilijaa zaka: nani alilipwa na kabila gani, mwaka gani, kwa mbuzi au kwa fedha. Maana yake ni kwamba hatima ya oasisi ilitegemea masheikh wachache na upande waliouchagua. Mmoja wao, sheikh wa Buraimi yenyewe na mkubwa wa kabila la Naim, alikuwa Saqr bin Sultan. Saqr ni kozi. Ndege yule tuliyembembeleza asubuhi nzima kwa jina lisilo lake ndiye aliyempa jina lake mtu aliyekuwa katikati ya mgogoro huu, na baada ya 26 Oktoba 1955 mtu huyo, pamoja na Rashid bin Hamad wa Hamasa na Obaid bin Juma wa kabila la Bani Kaab kutoka Mahdah, waliondoka na kuishia uhamishoni Saudia. Kutokana na kushindwa kwao ndipo mpaka wa leo ulipopata umbo. Katika ziara yote, juu ya ngome ya mji wake mwenyewe, jina lake halikutamkwa.

Nilimuuliza mwongozaji kuhusu Saqr bin Sultan. Alichangamka, akanieleza kwa ufasaha habari za mtawala wa Sharjah aliyepinduliwa mwaka 1965. Habari hizo ni za kweli, lakini ni za mtu mwingine, Saqr bin Sultan Al Qasimi, aliyeanza kutawala Sharjah mwaka 1951. Mchanganyiko huo unaeleweka, kwa sababu siku ile Levies walipoingia Buraimi, palikuwa na Saqr wa Buraimi, Saqr wa Sharjah, na Saqr bin Muhammad Al Qasimi wa Ras al Khaimah, ambaye alitawala tangu 1948 hadi kufa kwake mwaka 2010. Hata hivyo mwongozaji wa Buraimi asiyemjua Saqr wa Buraimi ana upungufu katika kazi yake, na kosa ni la wanaomfundisha zaidi kuliko lake, kijana mchangamfu aliyepewa karatasi ya kukariri.

Jibu nililipata mahali nisipotarajia. Kwenye kivuli cha ukuta wa ngome alikuwa ameketi mzee wa Kiomani ambaye, aliponisikia nikinung'unika peke yangu kwa Kiswahili, alinijibu kwa Kiswahili safi cha Unguja alikozaliwa. Nilimwamkia, "Shikamoo, babu," akaniitikia, nikamuuliza kama amepata kumsikia Sheikh Saqr. "Masaqr ni wengi, mwanangu, wewe wamtaka yupi?" akasema, na nilipomtajia kabila akaelekeza fimbo yake ardhini. "Huyo alikuwa wa hapa hapa. Na jamaa zake wapo hapa hapa." Hakutaka kuendelea mbele ya watu, nami sikumlazimisha, kwani mambo ya 1955 bado yana wenyewe. Mazungumzo hayo ya dakika tatu, ambayo hayakuwemo katika bei, yalinifaa kuliko mchana wote wa kampuni.

Mwongozaji alipaswa pia kutueleza kwamba mwaka 1955 haukumaliza jambo. Saudia iliacha dai lake la Buraimi kwa mkataba wa Jeddah wa Agosti 1974, nayo ikapata ukanda wa kutokea baharini karibu na Khor al Udaid na sehemu kubwa ya hazina ya mafuta ya Shaybah. Kwa hiyo ule mstari wa amani tuliosimuliwa ulikuwa na bei, na bei hiyo ililipwa kwa mafuta na pwani. Mkataba wa mpaka kati ya Omani na Abu Dhabi ukatiwa saini mwaka 1999. Hakuna sababu ya kumficha mgeni mambo haya. Yapo vitabuni na katika kumbukumbu za serikali zilizofunguliwa zamani, na anayeyajua huutazama ule uzio kwa macho mengine.

Kuhusu mengine sina malalamiko makubwa. Gari lilikuwa safi, dereva alikuwa mwangalifu, maji ya kunywa hayakukosekana. Ngazi za minara ni za juu na nyembamba, hivyo mwenye matatizo ya magoti abaki uani. Kati ya Mei na Septemba sioni haja ya mtu kuichukua ziara hii kabisa, kwa sababu kozi hubadilisha manyoya majira hayo na kwa kawaida harushwi, na joto la mchana halimpi mtu nafasi ya kusikiliza lolote.

Kampuni huiuza asubuhi ya kozi peke yake kwa dirhamu 300, na hiyo ndiyo ningeinunua tena na kuwashauri wengine, kwa sharti la kuomba mapema mzee yule yule. Baada yake nenda Al Jahili kwa teksi, ukakae saa mbili badala ya dakika ishirini. Buraimi iachie siku nyingine na uingie mwenyewe, ukiwa umehakikisha kwamba viza yako ya Falme za Kiarabu inakuruhusu kurudi, kwa kuwa wenye viza ya kuingia mara moja hujikuta wamekwama ng'ambo. Na kama utaendesha gari la kukodi, dai kutoka kwa wenye gari barua ya ruhusa ya kulitoa nje ya nchi na bima inayotambulika Omani, kwa sababu bila karatasi hizo mbili utarudishwa kituoni.